Jembe la Kasilda

Kila asubuhi, kabla ya chai, Longino hufungua kopo la maziwa ya unga, hutoa mkanda wa mpira wenye meno, huupangusa kwa kitambaa kikavu, huukagua jino kwa jino, kisha huurudisha. Hapa Gasorwe hakuna ziwa. Majirani wamezoea.

Mkanda ulikuwa wa mashua ya tanga ya Bahadurali, mfanyabiashara wa Kigoma. Mashua hiyo ilikuwa na mashine ya kushika usukani. Dira iliyofungwa chini ya benchi iliielekeza mota, na mota ikauzungusha usukani kwa mkanda. Longino, aliyekulia ukimbizini, ndiye aliyekuwa fundi wake. Amani iliporudi, Bahadurali alimwomba aifikishe mashua Bujumbura, arejee kwao humo humo pamoja na mkewe Kasilda, dada mkubwa wa mama yangu.

Kasilda alibeba jembe. Lilitolewa kama mahari ya mama yake, na mama huyo alikuwa ametangulia kurudi kwao Ryansoro, baada ya kukimbia nalo miaka yote. Safari hii alilisahau Kigoma, akamwagiza bintiye amletee. Jembe la mahari halirukwi wala halikanyagwi. Kasilda akalisukuma chini ya benchi.

“Hiyo mashine yako inaijua njia ya kwetu?” alimtania mumewe.

“Inajua kaskazini tu. Ryansoro utauliza mwenyewe, bibiye.”

Siku ya pili ukungu ulilifunika ziwa, na mashua ikaanza kuvuta kulia, kuelekea nchi kavu. Longino alikaza mkanda, akasugua vichwa vya nyaya, akapima betri. Vyote vizima. Akaiwasha tena mashine, akainama kuisikiliza mota. Ndipo walipogonga mwamba. Kasilda alikuwa ameketi mbele kabisa. Wavuvi walimtoa majini akiwa amekwisha kufa.

Alipofungua benchi, Longino alilikuta jembe limeiegemea dira. Chuma huipotosha dira; hilo alilijua tangu siku ya kwanza ya kazi. Alilipeleka Ryansoro, akamkabidhi mama mkwe, wala hakusema lilikuwa limewekwa wapi.

Bibi, mama yake Kasilda, tulimzika mwezi uliopita. Nilipotoka Mushasha kuja kumpa Longino pole, ndipo aliponieleza haya yote, kopo likiwa mapajani.

“Baba mkubwa,” nikamuuliza, “ungeliona mapema, ungelitupa ziwani?”

“Ningelisogeza tu, mwanangu. Mbele kule, karibu na miguu yake.”