Fundo la Kuni

Mnaonijua hapa Newala mtacheka, na mcheke tu. Ujanani, enzi za Mwingereza, nilikuwa na kifua kipana na kichwa kigumu. Nilioa kwa watu wa pwani, karibu na Mikindani. Kwetu maji yako bondeni; unapanda nayo kichwani, na ukiyamwaga njiani utachekwa mpaka uzeeni. Kuogelea nilifundishwa ukubwani na mke wangu, Somoe, huku akinicheka.

Baba yake alinifundisha kuzamia kombe, wale chaza wa baharini. Unauachia mkondo ukuchukue taratibu juu ya mchanga, mtumbwi unakufuata, unazama, unaokota, unaibuka. Akaniambia mfuko niushike mkononi, ukinielemea niuachie. Mimi, niachie mzigo mbele ya mkwe? Nikaufunga kiunoni kwa fundo la kufungia kuni.

Siku ya tatu mfuko ulijaa. Nikapiga miguu niibuke, wapi. Mkondo ulinikokota, mchanga ukanichuna magoti. Nikalivuta fundo, likazidi kukaza. Nikameza maji. Baba mkwe alinifuata chini akalikata kwa kisu.

Nikadhani yamekwisha. Baada ya siku mbili homa ikapanda, kila pumzi ikanichoma ubavuni, makohozi yakawa na rangi ya kutu. Somoe alinipeleka kwa basi hadi hospitali ya misheni, njia ya Masasi, karibu na ndugu zangu. Daktari akasikiliza kifua, akasema mapafu yameoza kwa maji machafu, tumwombe Mungu. Nilichomwa sindano hata kukaa sikuweza. Somoe aliniegemeza kifuani kwake, akaninywesha uji kwa kijiko, akinisema kila kijiko. Asubuhi moja alidhani nimelala, akalia. Hapo ndipo nilipoogopa kufa.

Siku ya tisa jasho lilinitoka, homa ikashuka, nikaomba ugali.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wauguzi, na Somoe nampenda mpaka leo, ingawa bado ananisema. Nawe unayejifunza kazi ya watu, ukiambiwa achia, achia.

Mimi nilielewa siku baba mkwe alipofika wodini. Nilimwamkia, kisha nikamwomba radhi kwa kombe wake waliopotea. Akakaa kitandani, akanishika mkono.

"Kama ningerudi na mfuko bila wewe," akasema, "binti yangu ningemwambia nini?"