Makapi ya kahawa ndani ya jiwe la Wacham

Sijui kama ninafaa kuandika haya. Niliishia darasa la saba. Ila mimi ndiye katibu wa chama chetu cha wakulima wa kahawa hapa Izigo, na taarifa ya safari ya Vietnam niliiandika mimi.

Tulikwenda watatu kujifunza kilimo: mimi, mwenyekiti wetu, ambaye ni mulamu wangu, amemwoa dada yangu, na mnunuzi mmoja wa kahawa, Mwislamu wa Bukoba mjini. Siku ya mwisho wenyeji walitupeleka Da Nang, kwenye makumbusho ya sanamu za Wacham, watu wa kale wa huko. Miungu isiyo na vichwa, wachezaji waliopinda viuno, na jiwe kubwa lililozungukwa na matiti ya mawe.

Mulamu aliyashika. Sisemi aligusa, alishika. "Nipige picha, mulamu!" Nikapiga. Na nilicheka, nisijitoe.

Tukafika kwenye jiwe lenye kingo na mdomo wa kutolea maji. Mwelekezi alisema makuhani walikuwa wakimwagia humo maji matakatifu.

"Aa, huu si mtumbwi wa rubisi!" akasema mulamu. "Kumbe na hawa walikamua ndizi."

Hapo simlaumu, unafanana kweli na mtumbwi wetu wa kukamulia pombe ya ndizi. Lakini alikuwa anatafuna akamwani, kahawa yetu ya kutafuna aliyotoka nayo nyumbani. Akainama, akatema makapi humo humo.

"Mzee, hata kama si msikiti, ni nyumbani kwa watu," yule wa Bukoba akamwambia.

"Ni jiwe. Jiwe linaona kinyaa?"

Mlinzi, mama wa makamo, akaja na leso yake. Akafuta, mate meusi yakamnata kidoleni, akafuta tena. Nikaona kinyaa. Kwetu hata mlevi hatemi ndani ya mtumbwi wa rubisi, atafukuzwa kama mbwa. Mimi ni Mlutheri, miungu ile si yangu, kwa hiyo sielewi vizuri kinyaa kile kilitoka wapi. Labda kilikuwa cha mimi mwenyewe, niliyesimama na simu mkononi. Tena nisimwonee: mulamu huyo huyo alinibebea begi safari nzima mgongo uliponiuma.

Juzi mkutanoni alizungusha ile picha, watu wakacheka hadi machozi. Kisha akaniambia nisome taarifa. Uchaguzi wa chama uko karibu. Nilijua nikisoma yote namharibia mume wa dada yangu. Nikasoma habari za kupogoa, mbolea, umwagiliaji. Nikafika pale pa makumbusho, nikasoma: "Mwenyekiti alitema makapi ndani ya jiwe la ibada. Mlinzi aliyafuta kwa mkono wake. Katibu aliona, hakuomba radhi."

Waliokuwa bado wanaichekea picha wakaacha.

"Chii!" mama mmoja akasema. "Kwenye kitu cha ibada cha watu?"

Mwenyekiti akanigeukia taratibu. "Mulamu, hayo yanamsaidia nini mkulima?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nikamjibu kwamba sijui.

"Basi yafute."

Nikasema siwezi, yalitokea. Dada yangu alikuwa amekaa karibu na mlango. Akajifunga khanga, akatoka bila kuniaga.