Samaki wa Mama Mkwe na Kibao Namba Saba

Nilitaka habari hii ibaki kati yangu, mume wangu na yule dada wa mlangoni pa supamaketi, lakini kwa kuwa Mama Kelvin aliiona kwa macho yake na tayari ameisimulia kanisani kwa namna yake (eti nilizimia, sikuzimia, nilikaa chini tu), afadhali muisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu.

Mnanijua. Katika lile kundi letu la WhatsApp la akina mama Wakenya tunaoishi Kampala, mimi ndiye mnayemwita Waziri wa Bei. Najua sukari iko rahisi wapi wiki hii, sabuni imepanda wapi, na ni supamaketi gani inayobandika bei moja kwenye rafu na kukutoza nyingine ukifika kwa keshia. Watu wana picha za watoto wao kwenye simu, mimi nina picha za rafu. Nikiingia dukani sinunui mara moja, kwanza nazunguka, napiga picha, natoka, naenda la pili, nalinganisha, narudi la kwanza. Mume wangu, Baba Neema, husema ninachookoa kwenye mafuta nakimaliza kwenye soli za viatu, nami humwambia ale anyamaze.

Basi wiki hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kisumu, mara yake ya kwanza kutufikia hapa Bugolobi. Sasa mimi ni mtu wa Machakos, nimelelewa kwa mahindi ya muthokoi na maharagwe, na tangu niolewe kwa Wajaluo mama huyu hajawahi kumaliza samaki wangu. Anasukuma sahani mbele kidogo tu, halafu anaomba chai. Ile sahani inayosukumwa imeniuma kuliko matusi, na nikajiambia safari hii atakula mpaka alambe vidole, na nikamwalika Mama Kelvin wa mlango wa pili aje awe shahidi.

Asubuhi nikaenda mwenyewe mpaka Ggaba, kwa wavuvi, nikachagua ngege mkubwa ambaye mkia wake ulikuwa bado unapiga. Wakamfunga kwenye kavera nyeusi, kavera mbili, moja ndani ya nyingine. (Kwetu Kenya mifuko hiyo ya plastiki ilipigwa marufuku, lakini hapa kavera ndiyo mkoba wa kila mtu, na nawaomba mkumbuke rangi yake.) Hapo ningepanda boda moja kwa moja nyumbani, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini sukari ilikuwa imeisha na mafuta pia.

Supamaketi ya kwanza, kama kawaida, huwezi kuingia na mzigo. Unaacha mlangoni, mlinzi anauweka kwenye rafu, anakupa kibao chenye namba. Changu kilikuwa kipande cha dumu la njano, kimeandikwa saba kwa wino mweusi. Nikaingia. Sukari, bei nzuri. Mafuta, bei ya kunyima mtu usingizi, na kwenye simu nilikuwa na picha ya juzi ya mafuta yaleyale katika supamaketi iliyo ng'ambo ya barabara, ambako ni rahisi zaidi.

Nikafikiria. Nikitoka na samaki, nivuke naye, nimwache kule, nimchukue tena, nirudi naye huku, nimwache tena, si ni kujitesa? Nikamwacha alipo. Nikatoka mikono mitupu, kibao mfukoni, nikavuka. Niliona nimefikiri kama mtu mwenye akili, na mpaka leo nikilipitia wazo hilo peke yake sioni kosa lake.

Kule ng'ambo mafuta yalikuwa bado kwa bei yake. Nikalipa, nikampa keshia namba yangu ya simu aniwekee pointi (mimi pointi siachi), nikaelekea mlangoni. Dada anayetunza mizigo akaninyooshea mkono, nami kwa mazoea ya miaka nikaingiza wangu mfukoni nikampa kibao. Akakitazama. Cha njano, cha dumu, namba saba. Inaonekana Kampala nzima wanakata vibao kwenye dumu moja. Akageuka, akanipa kavera nyeusi, mbili, moja ndani ya nyingine.

Nikamshukuru kwa Kiganda, "Webale, nyabo," nikapanda boda.

Njiani nikamnusa samaki, hanuki. Nikafurahi, nikasema hiyo ndiyo faida ya kwenda kwa wavuvi mwenyewe. Nikambonyeza, mgumu. Nikafurahi zaidi. Sukari haikunijia akilini hata kidogo, maana mafuta ninayo, samaki ninaye, na kichwa changu kilikuwa kimeshafunga hesabu.

Nyumbani wamekaa sebuleni wote watatu: mama mkwe, Baba Neema na Mama Kelvin. Nami badala ya kupitiliza jikoni kama mtu wa kawaida, nikasimama katikati nikaanza hotuba. Nikawaeleza Ggaba nilitoka saa ngapi, nikawaeleza kuhusu mkia, nikamwambia mama mkwe leo atakula ngege aliyelala ziwani jana.

"Lete nimtazame macho," mama mkwe akasema. Mtu wa ziwani hanunui maneno.

Nikaweka sinia mbele yake, nikafungua kavera ya kwanza, nikafungua ya pili, nikamimina.

Viatu. Viatu vya kiume, vyeusi, vya ncha, vimepigwa rangi mpaka unajiona, na ndani ya kila kimoja soksi imekunjwa vizuri. Nikavitazama. Nikatikisa kavera, pengine samaki amebaki chini. Baba Neema akainua kimoja akasoma soli, na kilikuwa kikubwa kuliko mguu wake kwa mbali.

"Mama Neema, hivi ni vya nani?"

Nikasema, "Ni vya samaki."

Wallahi ndivyo nilivyosema. Mama Kelvin alikuwa ameshika kikombe hewani, hanywi, hakiweki. Nilikuwa natafuta akilini ni wapi samaki anaweza kugeuka viatu, naanzia kwa wavuvi, nafika kwenye boda, narudi, sipati, na nikaona mama mkwe ananitazama kwa macho mapya, na hapo nikaogopa. Ndipo simu yangu ikalia mezani. Ile simu spika yake ya sikioni ilikufa zamani, kwa hiyo ukiipokea nyumba nzima inasikia, na aliyeipokea ni Baba Neema.

"Mama, samahani," ikasema sauti ya mwanamume, Kiswahili cha Kongo, taratibu kabisa. "Ni miye mwenye viatu. Unaniletea, ao nikuje kwako?"

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Baba Neema akamuuliza yuko wapi, kisha akasema tu, "Tunakuja sote." Mama mkwe akajitanda kitenge, Mama Kelvin akasema na yeye hawezi kubaki peke yake kwenye nyumba ya watu, tukatoka wote wanne, mimi nimebeba viatu.

Tulipofika ile supamaketi ya pili, mlangoni watu walikuwa wamejaa, na katikati yao kijana mrefu wa Kikongo, suruali ya suti, shati jeupe, tai, na chini kandambili za bafuni. Yule dada wa mizigo alikuwa ameshika vibao viwili vya namba saba, kimoja kila mkono.

"Nyabo, hii namba uliletea wapi? Hii si ya kwetu," akaniambia. "Mwenyewe alikuja na saba, na mimi saba nilishapewa. Ni keshia alikumbuka simu yako ya pointi."

"Mama, harusi iko inaanza kule Kyebando," kijana akasema, "na miye ndiye msimamizi wa bwana harusi. Nitasimama altareni na hizi za njiani?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini mama mkwe alinipita, akamsogelea kijana, akamtazama kuanzia tai mpaka kandambili.

"Ni vyako?"

"Ndiyo, Mama."

"Vaa nione."

Akavaa palepale, supamaketi nzima inatazama, keshia ameacha mashine. Mama mkwe akainama, akabonyeza ncha kwa kidole gumba kama anayemnunulia mtoto wa shule, akamgeukia mwanawe. "Vinamtosha," akasema. Baba Neema akashusha pumzi, nami nikashusha yangu, na kijana nikamlipia boda mpaka Kyebando, na hapo pesa ya mafuta niliyookoa ikaisha na kuvuka mpaka.

Samaki tulimkuta ng'ambo, kwenye ile supamaketi ya kwanza. Mlinzi alikuwa amemtoa nje kwa sababu alikuwa anavuja maji, akamweka juani, na inzi walikuwa wameshajua. Mama mkwe akafungua, akainua shavu la samaki, akafunga.

"Huyu amekufa mara mbili," akasema. "Una mayai?"

Sikuwa nayo. Nilinunua kwenye kiduka cha chini ya ghorofa yetu, bila kuuliza bei, nikayakaanga kwa yale mafuta. Tulikula kwa chapati za asubuhi. Mama mkwe alikula, akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati, akaniwekea mbele yangu ikiwa tupu. Nilikwenda kulia jikoni, na sijui hata nilikuwa nalia kwa lipi.

Tangu siku ile naingia duka moja, nanunua vyote, naondoka, na cheo cha Uwaziri nimemwachia Mama Kelvin, anaweza. Mama mkwe amesharudi Kisumu. Hupiga simu kila Jumapili, anamsalimu mwanawe, anamsalimu Neema, halafu anaomba apewe mimi, na nyumba nzima inasikia akiniuliza, "Na yule mwenye viatu, hajambo?"