Mwaridi wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa mtaa huu ana jibu moja kwa wateja: "Kesho." Ni mwaridi wake wa mlangoni tu usiosubirishwa. Kila asubuhi huumwagilia, huyageuza majani kama anayekagua mshono, kisha huupima kwa futi ya shingoni. Miaka miwili haukutoa hata ua moja.

"Umekuiga," shangazi wa bi harusi mmoja alimtania. "Gauni letu je?"

"Kesho, shangazi."

Asubuhi ya harusi, mwaridi ulitoa ua la kwanza. Gauni nalo lilikuwa tayari, isipokuwa kifungo cha kifuani. Fundi alitazama mlangoni kwa muda, akatoka na mkasi, akarudi akalibana lile ua mahali pa kifungo.

"Litachanua jingine lini?" shangazi aliuliza kwa upole.

Fundi akapangusa mkasi. "Kesho."