Barua ya Kazi Kutoka Kasungami

Kwa miaka tisa nilifanya kazi katika karakana ndogo ya mtaa wa Kamalondo, kazi tunayoiita bobinage. Mota ya umeme ikiungua inaletwa kwetu, tunang'oa waya wa shaba uliokufa, tunafunga mpya, tunapaka vanishi na kuikausha. Nilikuwa mwanamke pekee mle ndani. Wateja walinipita mlangoni wakimtafuta fundi, na fundi walikuwa wameshampita.

Karakana ilipofungwa, bosi wangu alikwenda Kasungami, pembezoni mwa mji, kulima mahindi, nami nikabaki nyumbani kwa mama, palepale Kamalondo, nikitengeneza feni za majirani. Ndipo mwenzangu wa shule ya ufundi, ambaye tayari alikuwa Kanada, akanitumia ujumbe: jimbo moja la katikati ya nchi ile lilikuwa linatafuta mafundi wanaojua Kifaransa, watakaokubali kuishi katika miji yake midogo. Ukichaguliwa na jimbo, serikali kuu inaweza kukupa ukaazi wa kudumu.

Nilijaza fomu kwenye simu, nimekaa barazani, katika majira yale ya joto kabla ya mvua, jakaranda zikimwaga maua yao ya zambarau na vumbi jekundu likiyafunika. Maswali yalikuja kama yanavyokuja maswali ya ndotoni. Umewahi kubeba silaha? Una ndugu wangapi? Baba yako alifia mji gani? Nilijibu kwa sauti ya chini, kana kwamba kulikuwa na mtu upande wa pili anayesikiliza.

Kisha nikautafuta mji niliouchagua kwenye ramani ya simu, ile inayokuonyesha picha za mitaa. Kila jioni nilitembea humo kwa kidole. Kulikuwa na barabara moja pana, shule ya matofali, ghala refu la nafaka, na mama mmoja mwenye koti la njano ambaye hakumaliza kamwe kuvuka barabara. Nilimzoea. Siku nyingine nikiwa sokoni nilijikuta nikijiuliza kama amefika ng'ambo.

Jimbo lilitaka barua kutoka kwa mwajiri. Nilikopi mfano kwenye mtandao, nikauchapisha, nikapanda pikipiki hadi Kasungami. Bosi wangu wa zamani nilimkuta shambani, amechuchumaa mbele ya pampu ya maji, viatu vimejaa tope. Nilimsalimu, nikampa karatasi, nikamwonyesha mahali pa kusaini.

"Soma kwanza," akasema. "Macho yangu haiko tena muzuri."

Nilimsomea, nikiigeuza kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye maneno "alisimamia kundi la wafanyakazi", akainua mkono.

"Ulisimamia nani?"

Nilikunja pembe ya karatasi.

"Tulikuwa bantu tatu mu ile karakana. Mimi, wewe, na ule mulevi. Ulimusimamia mulevi?"

"Papa, njo vile bantu banaandikaka," nikasema kwa heshima tunayowapa wazee; ndivyo watu wanavyoandika barua hizo.

"Mimi siandike vile. Geuza karatasi. Andika vile ilikuwa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaweka karatasi juu ya goti. Alisema kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kifaransa, na maji ya pampu yalikuwa yakikohoa katika mfereji kando yetu. Alitaja saa tulizofungua na saa tulizofunga. Alitaja pampu za visima, mashine za kusaga, mota za viwanda. Akataka niandike kwamba mwaka wa kwanza niliunguza mota mbili.

"Papa, hii pia?"

"Haukuunguza?"

"Niliunguza."

"Basi andika."

Nikaandika. Akainuka kutazama mahindi yake, nikadhani amemaliza.

"Andika tena: mwaka wa tatu niliacha kukagua kazi yake."

Katika miaka yote ile hakunisifu hata mara moja. Kila mota niliyoifunga niliiacha mezani jioni, na asubuhi nilikuta imeshakwenda kwa mwenyewe, nami niliamini kwamba aliifungua, akaipima, akanyamaza kwa sababu haikumpendeza.

"Haukukagua tena?" nikauliza.

"Kukagua nini?" akasema, kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga.

Alileta muhuri wa karakana kutoka ndani ya nyumba. Wino ulikuwa umekauka, akautemea mate kidogo, akagonga mara mbili. Mara ya pili ulionekana.

Jimbo lilinikubali. Baada ya hapo siku zilikwenda polepole: vipimo vya daktari, alama za vidole Kinshasa, kisha kungoja. Pasipoti iliporudi ikiwa na viza, nilimpa mama. Aliipapasa ukurasa kwa ukurasa, akaifunga.

"Baba yangu alitoka Kasai na gari-moshi," akasema. "Alikuwa na karatasi ya kazi mu mufuko. Alituambia ni ya miaka mbili."

"Na alirudi?"

"Tulimuzika hapa."

Alinyanyuka akaenda kunipigia pasi nguo ambazo hazikuwa na mikunjo.

Nilifika Kanada majira ya baridi. Kwenye uwanja wa ndege ofisa mmoja alinionyesha mahali pa kuweka sahihi, akasema karibu, akamwita aliyenifuata. Mji ulikuwa chini ya theluji, na kwa siku za kwanza sikutambua hata barabara moja. Nilipata kazi katika karakana ya mota za visima na maghala. Harufu ya vanishi ilikuwa ileile, na asubuhi za mwanzo, kabla sijafungua macho vizuri mbele ya meza, sikuwa na hakika niko mji gani.

Kadi ya ukaazi wa kudumu ililetwa na posta baada ya majuma kadhaa. Picha yangu ilikuwa ya kijivu, uso wa mtu aliyeamshwa. Nilimpigia mama.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inasema naweza kubaki huku siku zote."

"Inasema ni lazima?"

"Hapana, mama. Naweza tu."

"Ah. Basi ni bulongo," akasema, yaani ni vizuri.

Nikasikia kwenye simu mvua ikianguka ghafla juu ya mabati ya Kamalondo, na mama akipaza sauti kwamba nguo ziko nje, nisikate simu. Akaiweka yake mezani. Nilikaa kitandani, buti bado miguuni, nikiisikiliza mvua ikinyesha.