Busia Niliyoipata kwa Simu

Mimi ndiye niliyerudi Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda, kutoka Uingereza na diploma ya ufundi wa simu, mtu wa kwanza kwetu Butula kuipata, na karo nililipa mwenyewe kwa kuosha vyombo hotelini. Kwa hiyo laini ya Busia ilipokufa, bosi aliniahidi kwamba nikiifufua kabla ya saa sita, ukuu wa kituo chetu cha simu ni wangu.

Opereta wetu wa miaka mingi, Mama Nekesa, alitaka kunionyesha waya. Nikamwambia, "Mama, hii ni sayansi."

Nikafuata waya mmoja mmoja, nikachomeka plagi kwenye tundu, nikapiga.

"Hapo ni Busia?"

"Busia kabisa, ssebo!"

Nikamwita bosi kwa sauti. Mama Nekesa alisikia ile "ssebo" ya Kiganda akacheka chini chini. Nilidhani ni wivu.

Bosi akashika simu. "Nipe ofisi ya DC."

Akasikiliza kwa muda, kisha akanirudishia.

"Bwana Diploma, hii ni Busia ya Uganda. Waulize kama wanahitaji mkuu wa kituo."