Mluzi Katika Mikwaruzo

Siku za amani nazikumbuka kwa sauti ya mashine ya kusaga. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa nikifanya kazi dukani kwa Bwana Kassam, Mhindi aliyeuza vitambaa, mafuta ya taa na betri mjini Iringa. Redio pekee ya mtaa mzima ilikuwa yake. Kila mchana watu walijaa barazani kusikiliza habari, na kila mchana mashine ya kusaga iliyokuwa ng'ambo ya barabara ilituharibia. Injini ikiwaka, redio ilitatarika kama bisi kwenye chungu. Bwana Kassam aliilaumu mvua, akazilaumu betri, kisha akailaumu serikali.

"Lukelo, hii redio iko mgonjwa," aliniambia siku moja.

Mimi nilikuwa nimeona kwamba mashine ikizimwa, redio inapona. Nikaihamisha waya ya antena kutoka upande wa barabara, nikaifunga kwenye mkaratusi nyuma ya duka. Nikashindilia kipande cha bomba kwenye udongo mbichi chini ya tangi la maji, nikaunganisha nacho waya ya ardhi. Mikwaruzo ikapungua, sauti ya mtangazaji ikatoka imetakata. Bwana Kassam alinipa chai ya tangawizi, akawatangazia wateja kwamba kijana wake ana masikio.

Masikio hayo ndiyo yaliyonipeleka vitani. Waingereza walikuwa wakipigana katika misitu ya Malaya, mbali huko mashariki, wakaja kutafuta askari huku kwetu nyanda za juu. Afisa aliuliza nani anajua mambo ya redio. Nikanyoosha kidole kabla sijafikiri. Mama yangu alisema kimbelembele changu kitaniponza, na alisema kweli.

Katika mafunzo nilipangwa pamoja na Anyelwisye, Mnyakyusa wa milima ya Rungwe, kule ng'ambo ya Mbeya. Alikuwa mrefu, mpole, na hakujua kunyamaza. Asipoongea alipiga mluzi. Alikuwa amechunga ng'ombe tangu utotoni, na kwa mluzi aliweza kuita, kukemea na kugeuza kundi zima bila kuinuka alipokaa.

"Unachunga ng'ombe gani huku?" nilimuuliza.

"Nawachunga ninyi Wahehe. Bila mimi mtapotea."

Tulijifunza mosi pamoja, ile lugha ya milio mifupi na mirefu. Jioni alikuwa akinitukania ukoo wangu kwa mluzi, herufi kwa herufi, huku sajini akipita akidhani ni wimbo. Nilimpenda kama ndugu, na sioni aibu kusema hivyo.

Huko Malaya mvua ilinyesha karibu kila siku. Mimi nilikaa kambini kwenye redio kubwa, yeye alitoka na doria, redio ndogo mgongoni. Ile yake ilikuwa ya kuongea tu, haikuwa na kibonyezo cha mosi. Tulikuwa tukipigana na watu ambao hawakuwa wamechukua hata shimo la panya kwetu. Hilo tulilisema kwa kunong'ona, kwa Kiswahili, maafisa wakiwa mbali.

Siku ile doria yake ilitoka asubuhi. Mchana, wakati wa zamu yao ya kuita, nilisikia mikwaruzo tu.

Ndani ya mikwaruzo palikuwa na mtu.

Nilijua ni yeye. Sikulipata hata neno moja. Alikuwa akinong'ona, na mtu wa redio hanong'oni isipokuwa adui yuko karibu.

Kosa la wasikilizaji wengi ni kuongeza sauti. Ukiongeza sauti unaongeza na kelele. Nikapunguza. Nikasikiliza mikwaruzo yenyewe. Ule wa radi ulikuja na kupotea ovyo. Chini yake palikuwa na mwingine, ta-ta-ta-ta, uliopangika, usiochoka. Nikaikumbuka Iringa. Ilikuwa injini yetu wenyewe, ile ya kuchaji betri, nyuma ya hema.

"Afande, naomba injini izimwe."

Kapteni alinitazama. Betri moja tu ndiyo iliyokuwa na moto, nayo nusu. Tukizima tutasikia, lakini hatutasikia kwa muda mrefu.

"Zima," akasema.

Injini ikanyamaza. Nikamtuma askari ainue antena iliyokuwa ikigusa majani mabichi. Nikakaza waya ya ardhi, nikamwaga ndoo ya maji pale ilipoingia udongoni. Kelele zikashuka. Radi ikabaki.

Neno bado sikulipata.

Nikabonyeza, nikasema mara moja tu, nikiionea huruma betri: "Anye, sikusikii. Piga mluzi."

Mikwaruzo tu. Nikadhani nimemkosa.

Kisha ukaja. Mwembamba, wa chini, kama wa ndege. Sauti ya mtu imetawanyika, kelele huila upande huu na upande ule. Mluzi ni uzi mmoja. Ulipita katikati ya mikwaruzo yote, mfupi, mrefu, mfupi, nami nikasoma namba za ramani. Nilizisoma kwa sauti na kapteni akaweka kidole kwenye karatasi. Wamevamiwa. Majeruhi wanne. Wako kwenye korongo, adui yuko juu yao.

Wenzetu wakaondoka wakikimbia.

Mimi nilibaki. Alirudia namba zile, akarudia tena. Mluzi ukawa unakatika katikati. Halafu ukaja mwingine ambao haukuwa mosi: milio mitatu ya juu, kisha mmoja mrefu unaoshuka polepole. Niliutafutia herufi, sikuzipata.

Betri ikazimika.

Waliwafikia kabla ya giza. Majeruhi watatu walitolewa wakiwa hai, na mmoja wao alikuja kuwa dereva wa lori la mbao kule Mafinga. Kila tukikutana hunishika mkono akashindwa kuuachia. Wa nne alikuwa Anyelwisye. Alikuwa amepigwa tumboni tangu mwanzo, na hilo hakulituma. Walimkuta kipaza sauti cha redio kiko mdomoni. Alizikwa kulekule.

Watu wakisikia kisa hiki hunisifu. Mimi nasema wazi: niliondoa kila kelele iliyokuwa katika uwezo wangu, nikamsikia, na bado alikufa. Kusikia ni kitu kimoja, kufika ni kingine. Watatu wale ni wake zaidi kuliko wangu.

Niliporudi nilipanda lori hadi Mbeya, kisha likanipeleka jingine mpaka Rungwe, nikatembea katikati ya migomba hadi kwao. Matanga yalikuwa yamekwisha zamani, bila maiti, bila kaburi. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo dada yake Anyelwisye alikaa kati yetu.

"Mama anauliza, mwisho alisema nini?"

"Hakusema, dada. Alipiga mluzi."

"Anasema, upige."

Niliona haya. Kupiga mluzi nyumbani kwa mfiwa! Lakini mama alikuwa akinitazama mdomoni. Nikapiga ile milio mitatu ya juu, na ule mmoja mrefu unaoshuka.

Mama aliinua kichwa akatazama njia ya bondeni.

"Yuko mtoni," dada alisema taratibu. "Akirudi malishoni, alikuwa akifika kwenye kivuko anapiga hivyo, ili mama apakue. Chakula kikae tayari."

Mama alisimama, akaingia jikoni. Tulisikia mwiko ukigonga chungu. Akatoka na sahani ya ndizi za moto, akaiweka mbele ya kigoda ambacho hakikuwa na mtu, akaketi. Hakuna aliyeigusa. Tulikaa pamoja tukiitazama njia mpaka ndizi zikapoa.